Malisho ya Ng'ombe Mwanza na Kando ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wafugaji wa Misungwi, Magu, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe wenye ng'ombe wa asili au chotara wachache, na wenye eneo lao au la ukoo. Majibu yanafuata majira ya huku: mvua za Oktoba hadi Desemba, upungufu wa Januari na Februari, mvua za Machi hadi Mei, halafu kiangazi cha Juni hadi Septemba. Karibu kila tatizo la Septemba lilianzia kwenye mvua zilizotangulia, ndiyo maana hata maswali ya kiangazi tunayajibu kwa kurudi nyuma hadi Januari.

Nyasi zipo hadi Septemba, kavu lakini nyingi. Mbona ng'ombe wanakonda?

Tumbo linajaa, lakini vijidudu vilivyomo vinakosa chakula. Nyasi ngumu haisagwi na ng'ombe peke yake. Kazi kubwa hufanywa na vijidudu vya tumbo la kwanza, navyo vinahitaji protini. Nyasi changa ya mvua huwa na protini ya asilimia 10 au zaidi. Ikishatoa mbegu na kukauka, hushuka hadi asilimia 3 au 4. Ikiwa chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hupungua, chakula hukawia tumboni, na ng'ombe huacha kula huku amezungukwa na majani.

Kumwongezea nyasi kavu nyingine hakusaidii. Anachotaka ni protini kidogo kila siku: nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu ya pamba kwa maksai au ng'ombe anayenyonyesha, au majani ya karanga na marando ya viazi yaliyoanikwa kivulini, au majani ya mti wa lukina (Leucaena). Anza Agosti, kabla mbavu hazijaonekana. Maksai aliyefika Oktoba amechoka hatavuta plau kwenye mvua ya kwanza, na shamba litachelewa pamoja naye. Ndama wadogo msiwape mashudu ya pamba. Yana gosipoli, sumu ambayo tumbo la ng'ombe mkubwa huihimili, ila la ndama bado.

Eneo langu linabeba ng'ombe wangapi?

Lipime. Usikisie kwa macho, maana nyasi ndefu nyembamba hudanganya.

Tengeneza fremu ya mti au nondo yenye sentimita 50 kwa 50. Mwishoni mwa mvua, mwezi Mei, tembea eneo lote ukiitupa bila kuchagua mahali, mara 10 au zaidi. Kila inapoangukia, kata nyasi zinazoliwa zilizo ndani yake hadi karibu na ardhi. Magugu yaache. Changanya zote, anika hadi ziwe kavu kabisa, pima kwa mzani wa jikoni, kisha gawa kwa idadi ya vipimo.

Tuseme wastani ni gramu 60 kwa fremu. Fremu nne ni mita moja ya mraba, kwa hiyo una gramu 240 kwa mita. Ekari ina mita za mraba 4,047: hiyo ni takribani kilo 970 za nyasi kavu. Sasa gawa kwa mbili, maana nusu ni ya ng'ombe na nusu ni ya ardhi. Unabaki na kilo 485.

Ng'ombe wa asili mwenye kilo 250 hula kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25 za nyasi kavu. Ekari hiyo itamlisha siku 77. Kiangazi cha siku 120 kinataka ekari moja na nusu na zaidi kidogo kwa kila ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe kumi na ekari nane atajua tangu Mei kwamba malisho yataisha Agosti mwanzoni, na Mei bado ana muda wa kuuza madume wawili wakiwa wamenona, kukata hei (nyasi za kukausha na kuweka akiba), au kukubaliana na jirani mwenye mabua. Ukigundua hilo Agosti, unauza ng'ombe aliyekonda sokoni ambako kila mtu anauza aliyekonda.

Kwa nini niache nusu? Nyasi hiyo inapotea bure.

Haipotei. Jani ndilo linalolisha mzizi. Ukiondoa zaidi ya nusu ya majani, mizizi husimama kukua, na ukirudia hivyo msimu mzima hufupika. Mwaka unaofuata mvua ikikawia wiki mbili, nyasi yenye mizizi mifupi hufa na mahali pake huota nyasi za msimu mmoja ambazo ng'ombe huzidharau. Nusu inayobaki pia hufunika udongo, na udongo wetu wa kichanga ukiwa wazi maji hukimbia juu yake kuelekea ziwani.

Ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yaliwe kiangazi, ifungwe lini?

Wengi hufunga Novemba, mara nyasi zinapoota. Ni mapema mno. Nyasi iliyofungwa Novemba hutoa mbegu Februari na Machi, na hadi unapoifungua Julai imebaki fito. Tunashauri hivi: lisha eneo hilo kwa wepesi, au likate hei, hadi Januari mwishoni. Lifunge Februari au Machi mwanzoni. Mvua za masika zitatoa chipukizi jipya lenye majani mengi kuliko mashina, nalo litakaukia pale pale likiwa bado na chakula.

Tenga angalau robo ya malisho yako, ikiwezekana theluthi. Igawe ngitili vipande vitatu. Julai fungua kipande cha luseni (mchanga wa mteremkoni), kwa kuwa kichanga hukauka kwanza, halafu cha katikati, na sehemu ya mbuga iwe ya mwisho kwa sababu tope jeusi hutunza unyevu. Kila mwaka kipande kimoja, kwa zamu, kilishwe kidogo sana ili kiangushe mbegu.

Mvua za kwanza zikinyesha Oktoba, watoe ng'ombe humo siku hiyo hiyo. Majani ya kijani yanayoonekana kwenye wiki ya kwanza yanatoka kwenye akiba ya mzizi. Yakiliwa, mzizi hauna kitu kingine. Wiki tatu hadi nne hizo ndizo ngumu kuliko zote za mwaka, na hei nyingi inapaswa kuwekwa kwa ajili yake. Ng'ombe watalia wakisikia harufu ya nyasi mbichi; wafungiwe, walishwe bandani.

Malisho ya mzunguko yanataka vipande vingapi?

Gawanya siku za kupumzika kwa siku za kukaa, kisha ongeza kipande kimoja. Wakati wa mvua nyasi inahitaji siku 30 hadi 35 za kupumzika, na ng'ombe wasikae kipande kimoja zaidi ya siku 5. Thelathini kwa tano ni sita, ongeza kimoja: vipande saba. Januari na Februari, nyasi zikikua polepole, ongeza mapumziko hadi siku 45 au 60.

Sababu ya siku tano ni hii: nyasi iliyoliwa siku ya kwanza, kukiwa na mvua, huchipua ndani ya siku tano hadi saba. Ng'ombe akiwa bado yupo, atarudi kwenye chipukizi hilo tamu na kuacha nyasi ndefu ya pembeni. Hivyo ndivyo kipande kimoja kinavyoweza kuwa na madoa yaliyokwanguliwa na madoa ya nyasi zilizokomaa kwa wakati mmoja. Ukiona hali hiyo, tatizo ni muda wa kukaa. Huenda idadi ya ng'ombe iko sawa.

Kama huna seng'enge, mchungaji na alama za miti zinatosha. Kinachopangwa ni tarehe.

Nitajuaje siku ya kuwahamisha?

Kwa urefu wa kisiki, yaani nyasi inayobaki baada ya kuliwa, na kila nyasi ina wake. Nyasi za Rhodes na Cenchrus: ingiza ng'ombe zikiwa sentimita 30 hadi 40, watoe zikibaki 10 hadi 15. Brakiaria: ingiza kwenye 35 hadi 40, toa kwenye 15 hadi 20. Nyasi ndefu za Panicum huchipua juu zaidi, kwa hiyo ziache zikiwa sentimita 25 au zaidi. Nyasi fupi za asili ziache upana wa vidole vinne.

Inama uangalie shina lenyewe. Kisiki kizuri bado kina majani ya kijani chini. Kama umebaki na vijiti vya njano tupu, umechelewa, na kipande hicho kiongezewe wiki mbili za mapumziko.

Nipande nyasi gani?

Inategemea unasimama kwenye udongo gani, na majina ya Kisukuma ya udongo yanasaidia kuliko ramani nyingi.

Luseni, ule mchanga wa mteremkoni: Cenchrus ciliaris hustahimili ukame vizuri, lakini unataka samadi kwa kuwa mchanga huo una fosforasi kidogo. Stailo ni mkunde unaoridhika na mchanga dhaifu, uchanganye humo. Udongo mwekundu na tifutifu wenye rutuba: Rhodes, brakiaria, Panicum, pamoja na lukina kwenye mipaka. Itogolo, panapoanza tambarare: Rhodes huweza, mradi maji yasisimame kwa wiki nyingi. Mbuga yenyewe usiilime kwa ajili ya malisho. Nyasi zake za asili ni nzuri zikipumzishwa, na trekta ikiingia vibaya utazikosa kwa miaka; ukitaka kuongeza kitu, tupia mbegu za Clitoria, mkunde unaopatana na tope jeusi. Ibambasi, pale pagumu peupe pasipoota kitu, achana napo, usipoteze mbegu.

Cenchrus na lukina zote mbili huchukia maji yaliyotuama. Hilo limewapotezea watu fedha nyingi ukanda wa ziwa.

Hatua za kupanda ni zipi?

Lima mara mbili, mara ya kwanza Septemba ili magugu yafe kwa jua, ya pili baada ya mvua ya kwanza. Vunja mabonge hadi udongo uwe laini. Weka samadi iliyooza, tani mbili hadi nne kwa ekari. Chora mifereji myembamba kwa ncha ya kijiti, umbali wa sentimita 50 kati ya mistari. Kwa ekari moja tumia kilo 4 za Rhodes, au 2 hadi 3 za Cenchrus, au 2 hadi 2.5 za brakiaria. Mbegu ni nyepesi na huganda, zichanganye na mchanga mkavu au samadi iliyochekechwa ili zimwagike sawasawa.

Funika kidogo mno, isizidi sentimita moja. Kuburuta tawi lenye majani juu ya mstari kunatosha. Kisha kanyaga kwa miguu ili mbegu igusane na udongo.

Palilia mara mbili ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Usiingize ng'ombe hadi nyasi ishikwe kwa mkono, ivutwe, na ikatike jani bila kung'oka mzizi. Mara nyingi hiyo ni miezi mitatu hadi minne. Ulishaji wa kwanza uwe mfupi na mwepesi, kisha palilia tena.

Mbegu zangu hazikuota. Niliuziwa mbovu?

Huenda. Lakini angalia kwanza mambo matatu. Kina: mbegu ya nyasi iliyofukiwa kwa jembe kama mahindi haitoki. Umri: Cenchrus iliyovunwa karibuni husinzia, na huota vizuri baada ya miezi sita au zaidi ghalani. Sisimizi na chungu: hubeba mbegu zote za luseni usiku mmoja kama mvua imekawia, kwa hiyo panda udongo ukiwa umelowa.

Siku nyingine pima kabla ya kupanda. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, funika, hesabu zilizoota baada ya siku 14. Zikiwa chini ya 30, ongeza kiasi cha mbegu au zirudishe. Nunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Serikali ina shamba la mbegu za malisho Vikuge, Kibaha, na kwa ushauri wa karibu kuna kituo cha TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) Mabuki, pale Misungwi.

Mabingobingo je?

Haya majani ya tembo ni ya kukata, si ya kuchungia. Ng'ombe wakiingia huvunja mashina. Panda pingili za macho matatu, mawili yakiwa ndani ya udongo, mita moja kwa nusu mita. Ekari inachukua kama pingili 8,000. Kata yakifika mita moja. Yakivuka mita moja na nusu, unalisha kuni. Shina likidumaa na majani kuwa madogo ya njano, ng'oa na uchome, usichukue pingili zake kupeleka kwingine, kwa kuwa ugonjwa wa kudumaa husambazwa na pingili.

Lukina ina sumu?

Ina mimosini. Isizidi theluthi ya chakula cha siku na haitaleta shida kwa ng'ombe. Punda na farasi wasipewe, hunyonyoka manyoya.

Je, niwalishe ufukweni? Majani ni ya kijani mwaka mzima.

Tunaelewa kishawishi hicho, hasa Septemba. Lakini kijani hicho kina minyoo bapa ya ini. Mayai hutoka kwenye kinyesi, hufika majini, huingia kwa konokono, na vimelea wakitoka kwa konokono hujigandisha kwenye majani ya ukingoni. Ng'ombe anayekula hapo huwabeba hadi kwenye ini. Dalili huja polepole: kukonda, ufizi kupauka, uvimbe laini chini ya taya. Wengine hugundua machinjioni ini likitupwa.

Kama huna budi, kata majani hayo mbali kidogo na maji, yaanike hadi yawe hei kavu kabisa, ndipo ulishe. Kunyausha kwa saa chache hakutoshi. Wanyweshe kwenye birika au mfereji uliovutwa, siyo kuwaingiza ziwani. Kuhusu dawa, mweleze daktari wa mifugo kuwa mnachungia ufukweni, kwa sababu albendazoli huua minyoo bapa iliyokomaa tu, wakati triklabendazoli huua na michanga. Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usijenge zizi huko.

Na gugu maji?

Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Ng'ombe atashiba kabla hajapata chakula. Isitoshe, gugu hilo hufyonza metali nzito, kwa hiyo linalotoka karibu na mitaro ya mji au viwanda lisilishwe kabisa. La maeneo safi, likinyaushwa siku moja hadi mbili na mizizi kukatwa, linaweza kuchanganywa kidogo na mabua. Matumizi yake mazuri ni mboji.

Ng'ombe walikufa ghafla kwenye shamba la mtama uliovunwa. Walirogwa?

Walikula machipukizi. Visiki vya mtama vikichipua baada ya mvua, au mtama mchanga uliopigwa na ukame, hutengeneza sumu ya sianidi. Ng'ombe huhema kwa shida, huanguka, na anaweza kufa ndani ya nusu saa au hata chini ya hapo. Damu yake huwa nyekundu inayong'aa. Usichungie mtama ulio chini ya mita moja, na visiki vilivyochipua vikate uvianike hadi vikauke. Ukiona mmoja anayumba, toa kundi zima shambani kwanza, halafu piga simu kwa daktari. Wengi hukimbilia aliyeanguka na kuwaacha wengine wakiendelea kula.

Hei inatengenezwa lini na vipi?

Aprili nyasi ni nzuri lakini jua hakuna. Nafasi zetu ni mbili: ule upungufu wa mvua Januari na Februari, na Mei mwishoni hadi Juni. Kata nyasi zinapoanza kuchanua, asubuhi umande ukishakauka. Geuza kila siku, siku mbili hadi tatu. Chukua konzi, inyonge kama kamba: ikitoa unyevu au mashina yakipinda bila kuvunjika, bado. Hei iliyofungwa mbichi huota ukungu, hupata joto, na inaweza hata kuwaka ghalani.

Sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 linatosha. Tandika kamba mbili za katani chini, jaza, kanyaga kwa miguu, funga. Utapata robota la kilo 20 hivi, ambalo ng'ombe mmoja wa asili humaliza kwa karibu siku tatu. Ng'ombe watano kwa siku 60 wanataka marobota 100 hadi 110. Yapange juu ya magogo, chini ya paa.

Majani ya mpunga yana faida yoyote?

Yakitibiwa kwa urea, ndiyo. Kwa kilo 100 za majani makavu, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 60 za maji hadi isibaki chembe. Tandaza majani kwa tabaka ndani ya shimo lenye nailoni, nyunyiza kila tabaka sawasawa, kanyaga, funika pasiingie hewa. Fungua baada ya siku 21. Yawe ya kahawia-njano, laini, yenye harufu kali ya kuwasha pua. Yatoe na kuyaacha yapungue harufu kwa saa kadhaa kabla ya kulisha, na anza kwa kidogo kwa wiki nzima.

Urea ambayo haijayeyuka huua, na maji ya urea yaliyoachwa kwenye ndoo huua haraka zaidi. Ndama wa chini ya miezi sita wasile chakula hiki.

Kuchoma moto malisho kunasaidia?

Mara chache, kwa kupunguza vichaka. Kila mwaka, hapana: kunaondoa kifuniko na mbegu, na kiangazi kinaanza bila akiba.

Mzunguko unamaliza kupe?

Hapana. Kupe mkubwa anaweza kukaa bila chakula kwa miezi mingi, zaidi ya mapumziko yoyote ya malisho. Endeleeni na josho.

Ng'ombe wa majirani wanaingia kwenye ngitili yangu.

Anza na kikao cha kitongoji kabla ya kufunga, Januari, ili tarehe na mipaka ijulikane na wote. Kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila kupitia serikali ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa uzio, minyaa bado ni rahisi kuliko seng'enge: kata matawi ya nusu mita, yaache kivulini siku chache jeraha likauke, yachomeke kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 mwanzoni mwa mvua. Vaa kitu cha kukinga macho unapokata. Utomvu wake huweza kupofusha, na ukiingia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo kisha uende zahanati.